Sauti Moja, Kinanda Kimoja, Bendi Nzima: Stori ya Jimmy Witherspoon na Brother Jack McDuff

Mwaka 1967 lebo ya Verve ya Marekani ilitoa albamu yenye jina linalosikika kama mtu anabishana: The Blues Is Now. Yaani bluzi ni ya sasa hivi, bado ipo. Na ukiona mtu anakazana kusema kitu bado kipo, ujue pembeni kuna watu kibao wanasema kimeshakufa. Mwimbaji alikuwa Jimmy Witherspoon, watu walimwita Spoon, jamaa aliyekuwa ameshavuka miaka arobaini na ambaye wimbo wake uliobamba kuliko yote ulikuwa wa mwaka 1949. Kwenye kinanda alikaa Jack McDuff, maarufu kama Brother Jack, mtu wa jazz.

Kwa juu juu inaonekana kama dili la studio tu, mzee wa bluzi kaunganishwa na mpiga kinanda anayeuza. Lakini fuatilia kila mmoja alikotoka. Wote wawili walikuwa wanahangaika na swali moja: unapataje mlio wa bendi kubwa wakati hela ya kulipa bendi kubwa haipo?

Wadau, jambo moja liwekwe sawa kwanza. Bluzi inayozungumziwa hapa siyo ile ya ukumbini saa saba usiku, taa zinapunguzwa na watu wanashikana viuno. Hii ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, watoto na wajukuu wa watumwa, muziki wa kusema shida yako wazi wazi na wakati mwingine kuicheka. Huko kusini mara nyingi ulikuwa mtu na gitaa lake. Ulipofika mijini ukakuta bendi za matarumbeta na saksafoni, na hapo ndipo akina Spoon wanapoingia.

Spoon alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika mji mdogo wa Gurdon, jimbo la Arkansas. Kama waimbaji wengi weusi wa Marekani, alianzia kwaya ya kanisani. Akiwa bado kijana akakimbilia Los Angeles kutafuta maisha, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikamkuta kwenye meli za mizigo za Marekani. Sasa cheki hii. Meli zilipomfikisha Calcutta, India, jamaa akaenda kuimba na bendi ya Teddy Weatherford, mpiga piano Mmarekani mweusi aliyekuwa anapiga kule kwenye Grand Hotel. Ikarushwa hadi kwenye redio ya jeshi. Mtoto wa Arkansas, watu wanaanza kumsikia akiwa India!

Aliporudi, mwaka 1944, alidakwa na bendi ya Jay McShann kule California. Bendi hiyo haikuwa ya mchezo. Ilitokea Kansas City na ndiyo iliyompitisha mpiga saksafoni Charlie Parker kabla hajawa jina kubwa. Mwimbaji wao wa zamani, Walter Brown, alikuwa ameondoka na nafasi ilikuwa wazi.

Kansas City ya miaka ya 1930 inahitaji maneno mawili. Mji ulikuwa chini ya mwanasiasa mmoja anaitwa Tom Pendergast, na chini yake baa zilikuwa hazifungwi, pombe na kamari vinaenda hadi asubuhi. Serikali ilipomfunga mwaka 1939 kwa kukwepa kodi, starehe nyingi zikafungwa naye. Ila ndani ya ile miaka ya fujo kulizaliwa aina ya waimbaji ambao kazi yao ilikuwa kupasua sauti ipite juu ya tarumbeta nne na saksafoni tano, mara nyingi bila kipaza sauti cha maana. Big Joe Turner, baba lao, alikuwa anauza pombe kaunta na kuimba hapohapo akiwa anahudumia wateja. Jimmy Rushing aliimba na Count Basie. Spoon ni mdogo wao katika ukoo huo, ingawa yeye hakuwa mtu wa kufoka sana. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, na kila neno unalisikia lilivyo. Hiyo ndiyo silaha yake na ndiyo baadaye ilimfanya akae vizuri na watu wa jazz.

Basi, akiwa na watu wa McShann akarekodi Ain't Nobody's Business, wimbo wa zamani ambao hata Bessie Smith alikuwa ameshauimba mwaka 1923. Wa Spoon ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya muziki wa watu weusi mwaka 1949 na ukakaa kwenye chati hiyo wiki 34. Wiki 34! Leo wimbo ukikaa wiki nne watu wanafanya sherehe.

Hapo ungedhani maisha yamenyooka. Kumbe chini ya miguu yake ardhi ilikuwa imeshaanza kutitia zamani.

Bendi kubwa zilikuwa zinakufa. Kuzungusha watu kumi na sita kwenye basi, uwalishe, uwalaze, uwalipe, ilikuwa gharama ambayo baada ya vita haikulipika tena. Mwishoni mwa 1946 bendi kadhaa zenye majina makubwa, ikiwemo ya Woody Herman, zilivunjwa ndani ya muda mfupi. Halafu kulikuwa na kitu ambacho wengi hawakitaji wakisimulia historia hii: kodi. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliweka kodi ya asilimia 30 kwa kumbi zenye dansi au uimbaji, mwaka huohuo ikashushwa hadi asilimia 20, na ilidumu kwa namna moja au nyingine hadi 1965. Ukumbi ukiweka muziki wa vyombo peke yake, bila mtu kucheza wala kuimba, kodi hiyo haiugusi. Mwimbaji akifungua mdomo, bili ya kila mteja inapanda. Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye baa ndogo. Utamwita mwimbaji, au utaita watu watatu wapige vyombo na uokoe hela yako?

Juu ya hapo ikaja rock and roll katikati ya miaka ya 1950, vijana wakahamia huko. Big Joe Turner alibahatika kuikamata na Shake, Rattle and Roll mwaka 1954. Spoon hakuikamata. Miaka kadhaa akawa ni mtu wa "hivi yule yuko wapi siku hizi?"

Kilichomrudisha ni jukwaa moja. Tarehe 2 Oktoba 1959, kwenye tamasha la jazz la Monterey, California, alipanda na kikosi ambacho mpenzi wa jazz akisikia majina anakaa chini: Ben Webster na Coleman Hawkins kwenye saksafoni, Roy Eldridge kwenye tarumbeta, Earl Hines kwenye piano, na Woody Herman huyohuyo aliyevunja bendi akipuliza klarineti. Watu walipagawa. Rekodi ya siku ile ilitoka na Spoon akawa na maisha ya pili, safari hii mbele ya wasikilizaji wa jazz. Akaanza kwenda Ulaya, akarekodi na lebo za Reprise na Prestige. Ila huwezi kuishi kwa matamasha. Kikosi kama kile cha Monterey kinakusanyika siku moja na kesho yake kila mtu anapanda ndege yake. Jumatano usiku kwenye klabu ya mtaani unaimba na nani?

Sasa twende kwenye kinanda.

Aliyekitengeneza, Laurens Hammond, alikuwa mtu wa saa. Saa za ukutani kabisa, kampuni yake mwanzoni iliitwa Hammond Clock Company. Hakuwa mpiga muziki. Alikuwa na mota ya umeme inayozunguka kwa mwendo usiobadilika, nzuri kwa saa, na akagundua kwamba vigurudumu vya chuma vyenye meno, vikizungushwa na mota hiyo karibu na sumaku, vinatoa umeme unaoweza kugeuzwa kuwa sauti. Kinanda chake cha kwanza kiliingia sokoni mwaka 1935. Soko alilolilenga ni makanisa, kwa sababu ogani ya mabomba ni jengo zima na bei yake ni ya kanisa kuu, wakati hiki kinaingia mlangoni na kuchomekwa kwenye umeme. Kampuni ikajisifu mno, ikasema kinafanya kila kitu ambacho ogani ya mabomba inafanya, hadi tume ya serikali inayosimamia biashara ikawashitaki kwa kudanganya wateja. Likafanyika jaribio ndani ya kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, wasikilizaji hawaoni kinachopigwa, wanatakiwa kubashiri. Walikosea mara nyingi kiasi cha kuwapa Hammond cha kuongea, ingawa tume bado iliwaamuru waache baadhi ya majigambo.

Makanisa madogo ya watu weusi yalikipokea kwa mikono miwili. Mtoto mweusi aliyekulia kanisani miaka ya 1940 na 1950 alikuwa anakijua kinanda hiki kabla hajajua baa ni nini. Anajua kinavyonong'ona mchungaji akiomba na kinavyopanda watu wakianza kuruka. Kwa hiyo kilipohamia baa kilihama na hisia zote hizo. Wazee wa kanisa hawakufurahi, na unaweza kuwaelewa.

Waliokipeleka huko ni wengi. Fats Waller alikuwa anapiga ogani kwenye majumba ya sinema Harlem tangu miaka ya 1920 na ndiye aliyemfundisha kijana Count Basie. Wild Bill Davis, baada ya kupiga piano kwa Louis Jordan, alianza kukipiga Hammond kana kwamba ni bendi nzima ya matarumbeta. Jimmy Smith akamsikia Davis, akanunua chake, akajifungia ghalani kufanya mazoezi, na mwaka 1956 akatoka Blue Note na albamu iliyobadilisha kila kitu. Wakati huo toleo la B-3 lilikuwa limeshaingia sokoni.

Ukubwa wa B-3 ni huu. Ina safu mbili za vitufe, kila moja vitufe 61, na chini kuna pedali 25 za miguu. Mkono wa kulia unapiga melodi, mkono wa kushoto unapiga besi, miguu inasaidia kuipa besi ile ngumi ya mwanzo. Juu kuna vijiti vya kuvuta na kusukuma vinavyochanganya sauti, ukivuta vyote ni kama saksafoni na matarumbeta yote yamesimama kwa pamoja. Pembeni kuna spika ya Leslie, ambayo ndani yake kuna pembe inayozunguka na kufanya sauti itetemeke kama ya binadamu. Hammond mwenyewe hakuipenda Leslie hata kidogo na kampuni yake haikutaka kuiuza. Wapigaji hawakumsikiliza. Tatizo lake moja ni uzito: pamoja na pedali na benchi inakaribia kilo 190, na bado hujabeba spika. Wapigaji wengi walikuwa wanasafiri nayo kwenye gari la kubebea maiti, kwa sababu ni refu nyuma na lina nafasi.

Rudi sasa kwa yule mwenye baa. Anaita kinanda, gitaa na dramu, labda na saksafoni moja. Watu watatu au wanne, mlio wa watu kumi na tano. Mtaa wa watu weusi Newark, Philadelphia, Harlem, Chicago, Pittsburgh, kila mahali pakawa na klabu ya kinanda. Kuku wa kukaanga, bia, jasho. Lakini hesabu ile ina upande wa pili. Kila klabu iliyoweka kinanda ilikuwa na mpiga besi mmoja aliyebaki nyumbani. Hao majina yao hayamo kwenye kava la albamu yoyote, na ni wengi.

Jack McDuff aliujua upande huo vizuri maana yeye mwenyewe alianza na besi. Alizaliwa mwaka 1926 Champaign, Illinois, akapiga besi, akahamia piano, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alipokuwa na mpiga saksafoni Willis Jackson ndipo akasukumwa kwenye kinanda. Labda ndiyo maana besi yake ya mkono wa kushoto inatembea kama ya mtu aliyeshika chombo chenyewe. Mwaka 1960 akawa kiongozi, akarekodi na Prestige mfululizo. Kwenye kundi lake akamchukua kijana asiyejulikana anaitwa George Benson apige gitaa. Ndiyo, Benson huyohuyo wa nyimbo za mapenzi za baadaye. Albamu yao ya moja kwa moja ya mwaka 1963 ilirekodiwa klabu ya Front Room, Newark, na ukiisikiliza unapata picha ya usiku wenyewe, watu wanapiga kelele na dramu ya Joe Dukes haiachi mtu akae.

Kwa hiyo mwaka 1967 Verve walipowaweka pamoja, Spoon alikuwa anapata kitu ambacho hakuwa nacho kila siku tangu enzi za McShann: bendi kubwa nyuma ya mgongo wake. Hakuwa mgeni wa jambo hilo, alishawahi kurekodi na mpiga kinanda mwingine mkali, Richard "Groove" Holmes. Na Verve nao walijua wanachofanya, Jimmy Smith alikuwa anawauzia sana miaka hiyo.

Lakini kumweka mwimbaji mbele ya B-3 ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Saksafoni ina pumzi, inachoka, inanyamaza. Piano ukiigonga sauti inafifia yenyewe. Hammond haina hayo. Ukibonyeza kitufe leo na ukaenda kula, ukirudi bado kinalia. Na sauti yake inakaa palepale inapokaa sauti ya mwanaume mwenye sauti nzito. Mpiga kinanda mwenye tamaa anammeza mwimbaji ndani ya mistari miwili. Ndiyo sababu ukisikiliza The Blues Is Now cha kufuatilia siyo pale McDuff anapong'ara. Fuatilia pale anapotoa mikono. Bluzi ina utaratibu wa kuuliza na kujibu: mwimbaji anasema mstari, anaacha nafasi, chombo kinamjibu. McDuff anajibu pale kwenye nafasi, kisha anabaki na ile besi ya chini inayotembea, anamwachia mzee uwanja. Na Spoon naye hakimbii. Anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, kama mtu anayeongea na mtu anayemjua. Hivyo ndivyo mchungaji na mpiga kinanda wake wanavyofanya kazi Jumapili. Mmoja katokea kwaya ya Gurdon, mwingine amekalia chombo kilichotengenezewa makanisa, wanaimba habari za wanawake na pesa. Utamu wake uko hapo.

Tatizo lilikuwa mwaka wenyewe.

Julai 1967 Newark iliwaka. Polisi walimpiga dereva wa teksi mweusi, mtaa ukalipuka, na siku zile chache zilipoisha watu 26 walikuwa wamekufa. Siku chache baadaye ikaja Detroit, vifo 43. Mitaa iliyoungua ilikuwa mitaa ileile ya klabu za kinanda. Watu wenye kazi na hela za kunywa bia wakazidi kuhama, taa za usiku zikapungua, na mzunguko ule uliokuwa unawalisha akina McDuff ukaanza kukonda mji baada ya mji.

Kwenye redio, vijana weusi walikuwa na Aretha Franklin. Respect ilitoka mwaka huo. Naye ni kanisa lililohamia mtaani, ila lilikuwa kanisa linalodai haki kwa sauti ya juu, na binti wa miaka 25 akidai heshima alikuwa anaongea na kizazi chake moja kwa moja. Kwa wengi wao bluzi ilikuwa muziki wa baba, muziki wa kukumbusha mashamba ya pamba. Huwezi kuwalaumu, ingawa wengi wao baadaye waliirudia.

Upande mwingine vijana wazungu ndiyo kwanza walikuwa wanaigundua bluzi. Februari 1967 B.B. King alipanda jukwaa la Fillmore, San Francisco, akakuta ukumbi umejaa hao vijana, wakamsimamia na kumpigia makofi kabla hajapiga hata noti moja, na mzee akatokwa na machozi. Mlango ule ulifunguka, lakini ulifunguka kwa wenye gitaa. Vijana wa Cream na Hendrix walikuwa wanatafuta mababu wa gitaa. Mwimbaji anayesimama na suti yake, mikono mitupu, nyuma kuna kinanda cha kanisani, hakuwa kwenye ramani yao. Spoon akabaki katikati. Kwa weusi vijana ni wa zamani, kwa wazungu vijana hana gitaa, na kwa baadhi ya watu wa jazz kinanda chenyewe kilikuwa ni uswahilini mno.

Kwa hiyo albamu haikuwa tukio la kumrudisha kwenye namba moja. Ni albamu nzuri iliyotoka siku mbaya, na inaumiza kidogo ukilitazama jina lake ukijua hivyo.

Kinanda nacho zamu yake ilifika. Kibodi nyepesi zikaja, kampuni ikaacha kutengeneza B-3 katikati ya miaka ya 1970, na safari hii ni wapiga Hammond waliosikia kile walichokisikia wapiga besi miaka ishirini nyuma: kuna chombo cha bei rahisi kinafanya kazi yako na hakihitaji watu wanne kukibeba. McDuff alipitia miaka ya ukame kabla jazz ya kinanda haijapata wapenzi wapya, naye akarudi kurekodi. Alifariki Januari 2001 huko Minneapolis.

Spoon aliendelea kutafuta pa kusimama. Mwaka 1971 alitoa albamu na Eric Burdon, Mwingereza wa The Animals, akazunguka na kijana wa gitaa Robben Ford, akaigiza filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapata saratani ya koo. Kwa mwimbaji unajua hiyo inamaanisha nini. Alitibiwa, akanyamaza kwa muda, kisha akarudi jukwaani na sauti iliyoshuka chini zaidi na yenye mikwaruzo, akaimba hivyohivyo hadi miaka ya 1990. Alifariki Los Angeles tarehe 18 Septemba 1997.